Mgongo wa Kocha Magesa

Bhoke alinipigia simu asubuhi, nikiwa uwanjani na wasichana wangu, na kabla sijamaliza kuitikia akaniambia, "Mkenya, yule mzee wetu ametutoka." Hakumtaja jina. Hajawahi kulitaja tangu ng'ombe walipofika kwao, na mimi sikuhitaji jina ili nijue ni nani. Nilipuliza filimbi, nikawaambia wasichana wakanywe maji, nikakaa kwenye nyasi, nikalia. Halafu katikati ya kulia nikauona mgongo wake, ule mgongo mpana ndani ya shati la drafti, nikaanza kucheka na machozi bado yananitoka. Msichana mmoja akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimefiwa na mtu aliyenifundisha ukocha huku akiwa ameupa uwanja mgongo. Alinitazama kwa huruma, akarudi kwa wenzake, na nadhani aliwaambia kwamba nimechanganyikiwa.

Nilivuka mpaka pale Sirari, nikapita Tarime hadi Makutano, na kutoka hapo nikapata gari la kunifikisha Butiama. Yale mawe makubwa yaliyopandana yalikuwa bado yamepandana, lakini mabati yalikuwa mapya na vijana barabarani walikuwa wageni kwangu. Njia nzima nilihofia kwamba nitaingia kwenye msiba ambao hakuna anayenifahamu. Nilipokanyaga ua wa marehemu, mama mmoja mnene aliyejifunga kitenge kifuani aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaja mbio, akaninyanyua juu mbele za watu. Ndiye Bhoke. Mikono ilikuwa ile ile, mirefu na myepesi, ingawa mwili uliobaki ulikuwa umeongezeka. "Umenenepa," nikamwambia aliponishusha. "Na wewe umefupika," akasema, na wanawake waliokuwa wanamenya ndizi wakacheka kwa sauti kuliko inavyofaa msibani. Hapo nikajua kwamba niko nyumbani.

Mkoani Mara nilikwenda kwa mara ya kwanza kwa sababu klabu yangu ya Kenya ilikuwa imenikalisha benchi msimu mzima. Kocha Magesa aliniona kwenye bonanza la mpakani, nikicheza na hasira zangu zote, na mechi ilipoisha akanifuata akaniambia kwamba kiwanda cha kuchambua pamba kule Musoma kina timu ya wanawake ya mpira wa wavu, kwamba timu hiyo ina seta bora kuliko yeyote niliyewahi kumwona, na kwamba seta huyo anapanga mipira mizuri ambayo hakuna anayejua kuipiga. "Njoo msimu mmoja tu," akasema. "Ukichoka na sisi, mpaka uko pale pale." Aliongea bila kutabasamu. Baadaye nilijua kwamba yeye hufurahi kwa mdomo uliofungwa, na furaha yake huionyesha kwa kukuna shingo. Siku ile aliikuna sana.

Walinipangisha mtaa wa Mwisenge, kwa Mama Nyafuru, mjane Mjita aliyekuwa anapikia wafanyakazi wa kiwandani. Nilimsalimu "Habari, mama," kama tulivyozoea kwetu, nikanyoosha mkono. Yeye akaniangalia, akaendelea kupepeta dagaa. Nikarudia. Akapepeta. Ndipo msichana mrefu aliyekuwa anafua pembeni akaniambia polepole, "Sema shikamoo, atakuitikia." Nikasema shikamoo, na Mama Nyafuru akaweka ungo chini, akanikumbatia kana kwamba ndiyo kwanza ninaingia. Msichana huyo alikuwa Bhoke wa Mugeta, yule seta, na mimi na yeye tulipewa chumba kimoja chenye vitanda viwili, msumari mmoja wa kutundikia nguo, na dirisha linaloangalia ziwa. Chumba hicho kilinuka dagaa mwaka mzima. Mpaka leo nikipita sokoni penye dagaa wabichi moyo wangu huchangamka, na wanaofuatana nami hawaelewi kwa nini nasimama.

Tulikula ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi na mzito, na samaki wa kuchemsha na nyanya na ndimu. Siku za neema ilikuwa sato; siku nyingine ilikuwa furu, visamaki vyenye miiba kuliko nyama, na mimi nilikula furu nikilia kimoyomoyo hadi Bhoke aliponifundisha kuvinyonya kuanzia kichwani. Mama Nyafuru alikula akiwa amesimama ili aweze kuongea na watu wanaopita nje ya ua. Asubuhi tulifanya kazi kiwandani. Mimi nilifagia ghala, Bhoke alishona mifuko. Jioni tulikwenda uwanjani, eneo la udongo mwekundu lililokuwa nyuma ya marobota ya pamba, wavu umefungwa kati ya nguzo mbili za mbao. Na ni kweli alichosema Kocha. Bhoke alikuwa akiupokea mpira kwa vidole kana kwamba anampokea mtoto kutoka kwa mzazi, halafu unauona uko juu ya wavu, umetulia, unakungoja wewe. Sikuwa nimewahi kungojewa na mpira. Wiki chache zilitosha, nikaacha kucheza na hasira.

Tulishinda. Tulikwenda Kibara tukacheza karibu na mwalo wa mitumbwi, upepo wa ziwa ukiusukuma mpira kila upande, wavuvi wakaacha nyavu zao wakaja kutazama nyavu zetu, na tukarudi na ndoo nzima ya samaki tuliopewa na wapinzani. Tulikwenda Buhemba tukacheza mbele ya wachimbaji waliotoka mashimoni wakiwa weupe kwa vumbi, wakapiga makofi hata tulipokosea. Lori la kiwanda lililotubeba liliendeshwa na Mwita, mtoto wa Kocha, kijana mpole ambaye katika safari zote hizo alijaza kioo chake cha pembeni na sura ya mtu mmoja. Sisi wengine tulijua. Bhoke alijua kwamba tunajua. Aliyechelewa kujua ni Kocha, na alipojua alikuna shingo mpaka ikachubuka.

Ninachotaka kusimulia kilianza kwa furaha hiyo. Kocha alikuwa anampenda Bhoke kama binti yake, na sasa mwanawe mwenyewe amemchagua, nani angengoja? Akakusanya wazee wa ukoo, akaongoza msafara hadi Mugeta, wakakaa, wakanywa, wakakubaliana. Ng'ombe wakaenda. Harusi ikapangwa baada ya msimu. Akarudi Musoma akiimba, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia, akatuita wote katikati ya uwanja akatuambia kwamba Bhoke sasa ni wa kwake. Tulimbeba Bhoke tukamzungusha. Mama Nyafuru, ambaye alikuwa ameleta uji, ndiye pekee aliyekaa kimya. Alimwangalia Kocha, akamwangalia Bhoke ndani ya bukta yake fupi ya bluu, akatikisa kichwa. "Magesa amejifunga," akasema. "Goli lake mwenyewe."

Sikuelewa hadi mazoezi yaliyofuata. Bhoke alikuja amejifunga kitenge hadi kwenye vifundo vya miguu na kanga kichwani, akasimama nyuma ya nguzo. Kocha alikuja kwa upande mwingine, akamwona, akageuka ghafla na kupotelea nyuma ya marobota. Tukangoja. Hakuna aliyetoka. Nikauliza kuna nini, na wenzangu wakanieleza kwa zamu, wakishangaa kwamba mtu mzima hajui. Mkamwana hamkaribii baba mkwe wake. Hamtaji jina, hamshiki mkono, hapiti mbele yake ovyo, hamtazami usoni, na yeye vile vile. Kuvaa bukta mbele yake ni jambo ambalo hata kulitamka walishusha sauti. Na Kocha, kwa furaha ya kumpata mkamwana, alikuwa amesahau kabisa kwamba kuanzia siku hiyo hawezi kumfundisha. Mtu aliyekaa miaka yote akitafuta seta alikuwa amekwenda mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa amevaa koti lake zuri, kumposa atoke kwenye timu.

Kwetu pia kuna heshima za wakwe, lakini sikuwa nimewahi kuziona zikisimamisha mpira. Wiki ile tulifanya mazoezi bila seta au bila kocha. Siku ambayo Bhoke alicheza, Kocha alibaki ghalani akihesabu marobota ambayo tayari yalikuwa yamehesabiwa. Siku ambayo Kocha alikuja, Bhoke alikaa chumbani kwetu akiangalia ziwa. Tulibakiwa na mechi moja kubwa, dhidi ya timu ya Bunda. Mshindi ndiye angekwenda Mwanza kwenye mashindano ya kanda. Na kwa mpango wa wakubwa, mechi hiyo ingechezwa Butiama, nyumbani kwa Kocha, mbele ya ukoo wake wote.

Kaka mkubwa wa Kocha alikuja Musoma kulimaliza jambo hilo. Sisi tulimwita Baba Mkubwa kwa sababu Mwita alimwita hivyo. Walikaa uani kwa Mama Nyafuru, na dirisha letu halikuwa na kioo, kwa hiyo mimi na Bhoke tulikaa sakafuni chini yake, tukasikia kila kitu.

"Magesa," Baba Mkubwa alianza, "wewe ndiye ulienda Mugeta kuleta mkamwana?"

"Ni mimi."

"Na ni wewe unamfundisha kurukaruka na bukta?"

"Ni mimi."

"Hao watu wawili hawawezi kukaa kwenye suruali moja."

Kisha tukasikia sauti ya Kocha, nzito, ikisema basi yeye ataacha timu. Bhoke aliweka mkono mdomoni. Baba Mkubwa akasema kuacha timu hakusaidii, kwa sababu timu bila yeye itafungwa na aibu itakuwa ya ukoo. Afadhali binti aende kwao akangoje harusi. Bhoke aliinamisha kichwa magotini. Nilimgusa bega akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwita nampenda. Simkatai. Lakini bila mpira, Mkenya, mimi nitakuwa nani? Nitakuwa mtu wa kawaida tu." Mimi mwenyewe nilikuwa nimevuka mpaka kwa sababu ya swali hilo hilo.

Ndipo Mama Nyafuru, aliyekuwa anawamiminia chai, akaingilia. Aliomba radhi kwanza, kwamba yeye ni Mjita na haya ni ya kwao. "Ila wewe Magesa," akasema, "kila Jumapili unasikilizaga mpira wa redioni hapa kwangu. Hao wachezaji unawaona?"

"Siwaoni."

"Na bado unagombaga. Unasema huyu alipaswa kupiga kushoto, huyu mzembe, kocha ni mjinga. Unawaonaga wapi?"

Akamjazia Baba Mkubwa kikombe.

"Basi mpe uwanja mgongo. Usikilize kama redio. Mtu wa kukutangazia hatakosekana."

Baba Mkubwa alicheka kwanza, kicheko kifupi cha mtu aliyeshtukizwa. Halafu tukasikia kikombe kikiwekwa chini. Alipoongea aliweka masharti yake waziwazi: asimwangalie, asimguse, asimtaje. Binti amalize msimu. "Lakini nitakuwepo Butiama," akasema, "na wazee wenzangu watakuwepo. Siku nikisikia wameangaliana, anavua jezi siku hiyo hiyo, na asiivae tena." Bhoke aliniminya mkono kwa vile vidole vyake hadi nikataka kupiga kelele.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mdomo. Walinichagua mimi kwa sababu nilikuwa mgeni, sina ukwe na mtu yeyote, na naweza kwenda pande zote mbili bila kumkosea mtu. Kocha alikaa kwenye kiti cha mbao akiangalia marobota, sisi nyuma yake, na mimi nikikimbia katikati. Alikuwa na ulimi mkali. "Mwambie huyo mtu wa Mugeta mpira siyo mtoto mchanga, asiukumbatie." Nilikuwa nakwenda kwa Bhoke nikamwambia, auachie mapema kidogo. Naye, kwa kuwa hakuwa analazimika kumwona usoni, alipata ujasiri ambao hakuwahi kuwa nao: "Mwambie huyo mtu wa kwenye kiti pasi tunazoletewa ni za ovyo, kwani mimi nina mabawa?" Nilikuwa narudi kwa Kocha nikamwambia, seta anaomba tufanyie kazi mapokezi. Alikuwa anasikia kila kitu, yuko hatua chache tu, lakini alingoja nifike, aliniacha niongee, akakuna shingo. "Amesema hivyo?" aliuliza. "Kwa adabu, Kocha," nilisema.

Kibaya zaidi ni kwamba alitaka kuona. Aliniuliza mambo ambayo sikuwahi kuyatazama. Walioko nyuma wamesimama wapi? Mpira ulipofika mikononi mwa seta uzito wake ulikuwa mguu gani? Mpigaji alianza kukimbia kabla au baada? Nikijibu "sijui" alinirudisha nikaangalie. Mimi nilikuwa mchezaji wa kuangalia mpira tu. Yeye, akiwa ameangalia marobota, ndiye aliyenifundisha kuangalia watu. Kazi yangu yote ya miaka iliyofuata, wasichana wote niliowafundisha, imetoka kwenye zile safari za kwenda na kurudi kati ya kiti kile na wavu ule. Wakati ule niliona ni usumbufu tu, na nilikuwa nachoka sana.

Siku ya mechi Butiama ilichangamka tangu asubuhi. Uwanja ulikuwa wa shule, umechorwa mistari kwa majivu, na watu walikuja hadi wakajaza pande zote. Baba Mkubwa na wazee wenzake waliwekewa viti upande wa pili, wakiwa wamevaa makoti na kushika fimbo zao, mahali ambapo wangeuona uwanja wote, na uso wa Kocha akithubutu kugeuka. Kocha aliweka kiti chake karibu na mstari wa pembeni, akatupa mgongo, akaanza kutafuna muwa ili mdomo upate kazi. Mama Nyafuru alikaa kando yake kwenye kigoda, yeye akiwa ameelekea uwanjani. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Hakujua lolote kuhusu mpira wa wavu, na hilo halikumsumbua hata kidogo.

"Umekwenda," nilimsikia akitangaza nikiwa mstari wa nyuma. "Umerudi. Umekwenda tena. Yule mrefu wa Bunda amekasirika."

"Amekasirika kwa nini? Nani kapiga?"

"Mtu wa kwetu."

"Kwa mkono gani, mama?"

"Kwa mkono wake."

Kocha alishika kichwa, watu wa nyuma wakaanza kucheka, na baada ya muda nusu ya watazamaji walikuwa wanamsikiliza Mama Nyafuru kuliko kuangalia mechi. Bunda walikuwa wazuri. Walichukua seti, tukachukua seti, ikaendelea hivyo hadi tukafika seti ya mwisho tukiwa tumechoka na vumbi limetujaa masikioni. Kila tulipoita muda nilikimbia hadi kwenye kile kiti, nikamwambia nilichokiona, yeye akaniambia maneno machache, nikarudi. Mara ya mwisho hakusema kitu cha ufundi. "Mwambie huyo mtoto," alisema, "acheze kama anavyochezaga." Nilimfikishia neno kwa neno. Bhoke alifuta mikono kwenye bukta, akaitikia kwa kichwa.

Tulibakiwa na pointi moja tu ya kumaliza. Bunda walipiga mpira mkali, mwenzetu akaupokea vibaya, ukaruka juu, ukatoka nje kabisa kuelekea upande wa kiti cha Kocha. Wote tulisimama. Mimi pia nilisimama. Bhoke peke yake aliukimbilia, uso juu, mikono tayari, akienda moja kwa moja mahali ambapo baba mkwe wake alikuwa ameketi. Mama Nyafuru alikuwa ameacha kutangaza. Nafikiri ukimya huo ndio uliomgeuza Kocha, au ni zile hatua zilizokuwa zinamjia. Aliinuka, akageuka. Nilimwona kabisa. Alikuwa anautazama uwanja, anamtazama Bhoke akija, macho yamemtoka, na kipande cha muwa kimeng'ang'ania kati ya meno yake bila kutafunwa. Hata mkono mmoja usingepita kati yao. Bhoke aliufikia mpira, akakunja mgongo, akautupa nyuma juu ya kichwa chake bila kuangalia unakokwenda.

Ukaja kwangu. Kutoka mbali vile, juu ya vichwa vya watu, ulikuja ukatulia juu ya wavu, ukaningoja. Nikaupiga. Sikumbuki kuupiga, nakumbuka majivu ya mstari yakiruka upande wao.

Halafu uwanja ukajaa watu. Nilipochungulia katikati ya mikono iliyokuwa inanibeba, Kocha alikuwa ameshakaa, ametupa mgongo, anatafuna muwa taratibu. Niliangalia upande wa pili kwa hofu. Wazee wote walikuwa wamesimama, koti la mmoja limeanguka chini, na Baba Mkubwa alikuwa anaionyesha kwa fimbo ile alama ya mpira kwenye majivu, akimsuta refa kabla refa hajasema lolote. Walikuja kulinda macho ya watu, lakini mpira ulipokwenda na wao wakaufuata. Hakuna aliyeona.

Jioni tulikula kwa Kocha, nyama na ugali kwenye masinia, na yeye akaniita pembeni ya zizi. "Mkenya," alisema, "mimi sikuangalia."

"Hukuangalia, Kocha."

"Ule mpira wa mwisho ulikuwaje?"

Nikamsimulia wote, kuanzia mapokezi mabaya hadi majivu, naye akaniuliza maswali yake ya kawaida kwa uso mkavu kabisa, mguu gani, umbali gani, huku akikuna shingo. Kwa miaka mingi, kila nilipokwenda kuwatembelea, aliniomba niusimulie mpira huo mbele ya wageni, akisikitika kwa sauti kwamba yeye bahati ya kuuona hakuipata. Mwanza tulikwenda, tukatolewa mapema, tukarudi tukiimba. Harusi ikafuata, nami nilimsimamia Bhoke. Aliacha jezi kwa muda, akazaa, kisha akachezea timu ya Bunda, wale wale tuliowafunga, na leo anafundisha wasichana wa shule pale pale Butiama. Mimi nilirudi kwetu mwisho wa msimu ule na sijawahi tena kukaa benchi kwa kukalishwa.

Tulimzika Kocha Magesa mchana, kwenye shamba lake, na watu walikuwa wengi hadi wengine wakakaa juu ya mawe. Mwita, ambaye sasa ana mvi, alizungumza kwa ufupi akashindwa. Baadaye watu walipopungua, mimi na Bhoke tulikaa nyuma ya jiko tukisugua masufuria kwa majivu, kama tulivyofanya kwa Mama Nyafuru, ambaye naye alishatangulia. Aliniambia kwamba asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, wanawake wa ukoo walimpisha apite kuaga kama wengine, lakini yeye aliinamisha macho, akaweka tu maua. Miaka yote ameishi ua mmoja na mzee huyo, amempikia, amemlelea wajukuu, amemuuguza kwa kupitia mkono wa mwingine, na hawakuwahi kutazamana.

Nikaona kwamba sasa hakuna wa kumvua jezi. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba ule mpira wa mwisho pale Butiama, Kocha aligeuka, kwamba aliuona wote, kwamba alimwona yeye akicheza, na kwamba nimeificha habari hiyo hadi leo kwa sababu alinitaka niifiche. Nilikuwa nalia tena. Nilidhani nampa zawadi.

Bhoke aliendelea kusugua. Alimwagia sufuria maji, akalizungusha, akalifudikiza juani.

"Nilimuona," akasema. "Muwa ulikuwa umemkwama kwenye meno."

Akachukua sufuria lingine.